Je, Wajua? Kazi za Ng'ambo, Mikono ya Kisiwani

Wapemba wa makamo wanaikumbuka enzi ya majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2010 ukazinduliwa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga, wa urefu wa karibu kilomita 80 na msongo wa kilovolti 33, kwa msaada mkubwa wa Norway. Je, wajua kuwa waya ule uliundwa ukiwa na nyuzi za mawasiliano ndani yake? Watu walishangilia taa, na ilikuwa haki yao. Lakini umeme wa uhakika pamoja na uzi wa mawasiliano ndivyo vitu viwili vya mwanzo ambavyo mwekezaji wa aina fulani huuliza kabla ya kitu kingine chochote. Ni yule anayetaka kufungua kampuni ya kufanya kazi za ofisi kwa niaba ya makampuni ya nchi nyingine: kupokea simu za wateja, kuingiza taarifa kwenye kompyuta, kukagua picha, kuandaa hesabu za mishahara. Nchini Ufilipino peke yake kazi hizi zimeajiri watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Nimekusanya hapa mambo machache kuhusu namna kampuni hizi zinavyozaliwa na kukua. Nimeyakusanya nikiitazama Pemba, kwa sababu sikubali kwamba kisiwa kikiwa kidogo basi kazi zake ni karafuu na uvuvi tu.

Tiketi zilizopanda ndege

Je, wajua kuwa moja ya kampuni za mwanzo kabisa za aina hii ilifunguliwa kisiwani? Mwaka 1983 shirika la ndege la American Airlines lilikuwa na ofisi Tulsa, jimbo la Oklahoma, ambako makarani waliingiza kwenye kompyuta taarifa za tiketi zilizokwisha kutumika. Shirika likaifunga kazi hiyo Tulsa na kuihamishia Barbados, katika kampuni tanzu iliyoitwa Caribbean Data Services. Intaneti tuijuayo leo haikuwapo. Vipande vya tiketi vilipakiwa kwenye ndege za shirika lenyewe na kushushwa Bridgetown. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliketi mbele ya kompyuta wakizichapa namba moja baada ya nyingine, kisha taarifa zikarudishwa Marekani kwa satelaiti. Baadaye shirika lilifungua kituo kingine katika Jamhuri ya Dominika, ambako mishahara ilikuwa chini zaidi.

Barbados ina eneo la kilomita za mraba karibu 430 na watu wasiofika laki tatu. Pemba ni zaidi ya mara mbili ya eneo hilo, na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wake kuwa 543,441. Kwa hiyo anayesema kisiwa chetu ni kidogo mno kwa kazi hizi na aanze kwa kuitazama ramani.

Mauritius nayo ni kisiwa. Ilipounganishwa na mkongo wa baharini wa SAFE mwaka 2002, ilikuwa tayari imeamua kujenga mji mzima wa kazi za kompyuta pale Ebène, na watu wake wanaozungumza Kifaransa na Kiingereza wakaanza kuyahudumia makampuni ya Ulaya.

Unguja ilitangulia

Mkongo wa kwanza wa mawasiliano ya ng'ambo kufika visiwani kwetu ulikuwa wa simu ya maandishi. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji na Durban. Makarani wa Unguja walikuwa wakipokea na kupeleka ujumbe wa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Forodhani. Mwaka 1890 ukaongezwa waya wa kwenda Mombasa.

Nusu sekunde inayofukuza wateja

Je, wajua kwa nini vituo vya simu vya Afrika Mashariki vilichelewa kukua hadi baada ya mwaka 2009? Kabla ya hapo pwani yetu haikuwa na mkongo wa intaneti wa kuiunganisha na dunia, na simu za ng'ambo zilipita kwenye satelaiti. Satelaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka hutumia karibu robo ya sekunde. Mpaka jibu lirudi, nusu sekunde imekwisha. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukizidi hapo, watu wawili wanaanza kukatizana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake hana adabu.

Kampuni ya KenCall, iliyoanza Nairobi katikati ya miaka ya 2000, iliishi na tatizo hilo kwa miaka, tena ikilipia satelaiti hiyo kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, na tarehe 23 Julai mwaka huohuo SEACOM ikawashwa, Dar es Salaam ikiwamo. EASSy ikafuata mwaka 2010. Ndani ya uzi wa kioo mwanga hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya baharini ya kilomita 12,000 humalizwa kwa milisekunde 60 hivi. Mpigaji wa London hahisi tena kwamba anazungumza na mtu wa mbali.

Mikongo nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Kampuni yenye njia moja tu ya mawasiliano ilikaa kimya siku hiyo. Kwa Pemba, hili ni jambo la kupangwa kabla ya kununua hata kiti kimoja.

Mdenmaki anayepanga zamu

Tuseme kituo kinapokea simu 100 kila nusu saa, na kila simu inachukua dakika tatu. Hizo ni dakika 300 za mazungumzo ndani ya dakika 30, kwa hiyo mtu atasema wahudumu 10 wanatosha. Hawatoshi. Simu haziji kwa mstari. Huja tano kwa mpigo, kisha kimya, kisha nane. Ukiwaweka 10, foleni itazidi kurefuka. Wanahitajika kama 14 ndipo karibu simu tisa katika kila kumi zipokewe ndani ya sekunde 20. Kanuni ya hesabu hii iliandikwa na Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, katika maandiko yake ya mwaka 1909 na 1917. Zaidi ya miaka 100 baadaye, meneja wa zamu wa Nairobi au Manila bado anaitumia, ingawa leo imefichwa ndani ya programu.

Gazeti la Harvard lililochapwa Phnom Penh

Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2001 kampuni isiyo ya faida iitwayo Digital Divide Data ilianza Phnom Penh, Kambodia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchapa upya kwenye kompyuta matoleo ya zamani ya Harvard Crimson, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Waliochapa walikuwa vijana wa Kikambodia kutoka familia maskini, wakiwemo wenye ulemavu, na wengi wao Kiingereza chao kilikuwa kidogo.

Waliwezaje? Kwa mbinu ya kuchapa mara mbili, inayotumika sana katika kazi hizi. Watu wawili huchapa ukurasa uleule, kila mmoja peke yake bila kuona kazi ya mwenzake. Kompyuta inalinganisha, na pale wanapotofautiana mtu wa tatu anaamua. Si rahisi wawili wakosee herufi ileile kwa namna ileile. Mkataba unaodai usahihi wa asilimia 99.95 unaruhusu kosa moja tu katika herufi 2,000. Anayefaulu hapo si lazima awe bingwa wa lugha. Awe na jicho na utulivu. Watoto wa Pemba wanaosahihishwa irabu mojamoja kwenye chuo cha Kurani tangu utotoni wanalijua zoezi hilo.

Mpango wa kampuni ulikuwa kijana afanye kazi sehemu ya siku na kusoma sehemu iliyobaki, huku kampuni ikimsaidia ada. Haikubaki mji mkuu peke yake: ilifungua matawi Battambang, mji wa mkoani, na Vientiane nchini Laos, na mwaka 2011 ikafika Nairobi. Nadhani Battambang ndiyo ya kuangaliwa na watu wa Chake Chake, Wete na Mkoani.

Saa zetu ni mali

Ofisi za New York zikifunguliwa saa tatu asubuhi wakati wa baridi, Manila ni saa nne ya usiku. Mfilipino anayewahudumia Wamarekani hukesha mpaka kunapambazuka, siku baada ya siku, na mwili unamlipisha. Saa hiyohiyo Pemba ni saa kumi na moja jioni. London ikifungua saa tatu asubuhi, kwetu ni saa sita mchana wakati wa baridi na saa tano asubuhi wakati wa joto. Mtu anamhudumia Mwingereza kisha analala kwake kama kawaida.

Muscat nayo imetutangulia kwa saa moja tu. Wapemba wenye jamaa Oman hawana idadi, na wapo wanaozungumza Kiarabu cha huko vizuri. Jambo dogo la kukumbuka: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, wakati Imarati tangu Januari 2022 hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikali yake hufanya kazi nusu siku. Kampuni yenye wateja pande zote mbili haipati siku ya kufunga pamoja, isipokuwa Jumamosi.

Mteja mmoja ni hatari

Kenya iliziweka kazi hizi miongoni mwa sekta sita za uchumi katika Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008. Mei 2024 kampuni ya CCI, yenye asili ya Afrika Kusini, ilifungua kituo kikubwa Tatu City nje ya Nairobi, kilichojengwa kuchukua maelfu ya wahudumu.

Lakini iko Sama pia, na habari yake inapaswa kusomwa na kila anayezitamani kazi hizi. Ilianzishwa mwaka 2008 na Leila Janah, aliyefariki Januari 2020 akiwa na miaka 37. Nia yake ilikuwa kuwapa maskini kazi badala ya sadaka, na kwa kazi ya kuweka alama kwenye picha za kufundishia mashine, kampuni ilikua Nairobi ikafika hadi Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kisha ikachukua kazi ya Meta ya kukagua machapisho ya Facebook. Vijana wakawa wanatazama mauaji na ukatili kutwa nzima. Januari 2023 gazeti la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama waliosaidia kuchuja lugha chafu katika mashine ya kampuni ya OpenAI walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mwezi huohuo Sama ilitangaza kujitoa katika ukaguzi wa machapisho, na watu kwa mamia wakapoteza kazi. Wakaguzi 184 walikwenda mahakamani Nairobi. Mei Mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 walipiga kura kuunda chama chao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikathibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Nyaraka zilizowasilishwa mahakamani zinaonyesha zaidi ya 140 kati ya wakaguzi hao waligunduliwa kuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Mzanzibari anaijua hatari ya mnunuzi mmoja. Kwa miongo mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kretek. Ikapanda mikarafuu yake mwenyewe, na miaka ya 1980 ikawa haituhitaji tena. Kituo cha simu chenye mkataba mmoja wa ng'ambo kimesimama pale pale.

Fumba na upande wa pili wa mkondo

Agosti 2022 Serikali ya Zanzibar ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar, kwa ushirikiano na kampuni ya Wasoko, ili kuvutia makampuni ya teknolojia yaweke makao Fumba. Ni hatua njema, ila Fumba iko Unguja. Pemba ina eneo huru la uchumi Micheweni, na mpango wa namna hiyo ungeweza kutengewa nafasi huko, pamoja na njia ya pili ya mawasiliano na masharti ya kumlinda mfanyakazi yaliyoandikwa kabla mkataba wa kwanza haujasainiwa: saa za kazi, ushauri nasaha kwa anayetazama mabaya, na haki ya kujiunga na chama.

Mwisho, iko kazi ambayo Manila haiwezi kutunyang'anya. Je, wajua kuwa Kiswahili kimo katika Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sauti za watu wakisoma sentensi ili mashine zijifunze kuwasikiliza? Wanaozirekodi hujitolea. Makampuni makubwa yanayotaka mashine zao zimwelewe mwanamke wa Konde au mvuvi wa Kojani yatahitaji watu wa kurekodi, kuandika na kusahihisha lahaja hizo, na wanaozijua barabara wanaishi huko huko. Bei ya kazi hiyo bado haijapangwa, na wenye lugha wanaweza kuwa wa kwanza kuitaja.