Peni Moja ya Kusimama

Mimi huwa nawaonea wivu watazamaji wa Globe, ukumbi wa akina Shakespeare uliojengwa London mwaka 1599. Kwa peni moja ulisimama uwanjani, juu huna paa. Mvua ikija, ni yako. Mchezo ulikuwa mchana kweupe, kwa hiyo mwigizaji alikuona ukipiga miayo. Na Juliet, msichana wa mchezo wa Shakespeare? Mvulana ndani ya gauni, kwani wanawake hawakupanda jukwaani.

Juni 29, 1613, mzinga uliofyatuliwa kunogesha mchezo uliwasha paa la nyasi la roshani za watazamaji za pembeni. Ukumbi ukateketea. Bwana mmoja suruali yake ilishika moto, akajizima kwa chupa ya bia! Mwaka uliofuata ukumbi ukajengwa upya, safari hii kwa paa la vigae.