Kioja ghafi hakilipi: soko la habari za ajabu kutoka Nakivale hadi Mbarara

Jumapili ya tarehe 4 Desemba 2022, katika mji mdogo wa Katwe-Kabatoro kando ya Ziwa Edward, magharibi mwa Uganda, kiboko alitoka majini, akamkamata mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akicheza nyumbani kwao na kummeza hadi nusu ya mwili. Mwanamume aliyekuwa karibu alimshambulia kwa mawe. Kiboko akamtema mtoto akiwa hai, akarudi ziwani. Mtoto alitibiwa, akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, akarudishwa kwa wazazi wake. Polisi walitoa taarifa, na siku chache baadaye kisa hicho kilikuwa kimezunguka dunia nzima.

Katwe iko upande wa barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese, safari ya saa chache tu kwa basi. Lakini waliovuna mapato ya matangazo kwa kisa hicho wengi wao walikuwa mbali: magazeti ya London, televisheni za Marekani, kurasa za burudani za kila bara. Sisi tulitoa malighafi. Ni kama kahawa yetu, ambayo kwa sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa punje tupu, kisha tunainunua dukani ikiwa imekaangwa na kufungwa kwenye pakiti ya wengine.

Ukusanyaji wa habari za ajabu mtandaoni umekuwa kazi ya vijana wengi wa Afrika Mashariki. Mtu hupekua mitandao, huokota vioja, huvitafsiri kwa Kiswahili, huvisimulia kwa sauti yake, kisha huvisambaza kwa WhatsApp, TikTok na YouTube. Wilaya ya Isingiro, jirani na Mbarara, ina sababu zake za kuitazama kazi hii kama biashara kamili. Nakivale, makazi ya wilaya hiyo yaliyoanza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji ni Kiswahili. Hilo ni soko.

Gharama kabla ya shilingi ya kwanza

Mtaji wa kwanza ni simu, na simu inataka laini. Kwa miaka mingi wakimbizi walihangaika kusajili laini kwa majina yao. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilikubali kitambulisho cha mkimbizi na hati ya familia zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa aliyekuwa akitumia laini ya jirani, huo ulikuwa mlango wa uchumi, kwa kuwa laini ndiyo inayobeba pia pesa ya simu.

Gharama ya pili ni bando. Julai 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kwa mwezi ni shilingi 6,000, kabla ya kununua hata MB moja. Julai 2021 ushuru huo uliondolewa, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kwa hiyo mkusanya vioja hulipa kodi kila anapopakua video, iwe itamletea faida au hasara. Ndiyo maana wengi hufanya kazi usiku, saa ambazo bando ni nafuu. Facebook nayo imefungwa nchini tangu Januari 2021, na anayeitaka huingia kwa VPN, ambayo inakula data na chaji. Kisha kutoa pesa kwa wakala kuna ushuru wake wa asilimia 0.5, juu ya ada ya kampuni.

Fedha hizi zinatoka mfukoni mwa watu ambao posho yao imekuwa ikipungua. Tangu Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limewagawa wakimbizi walioko Uganda kwa makundi, na wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea hawapati kitu. Mwaka 2025 karibu watu milioni moja nchini waliondolewa kwenye msaada huo. Kijana anayeweka shilingi zake kwenye bando la usiku anaweka alichokuwa ale.

Pesa inaingiaje

Njia inayotajwa zaidi ni YouTube, ambayo Uganda imo katika mpango wake wa malipo. Ili kuanza kugawiwa mapato ya matangazo, chaneli inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua ya posta, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Barua ya posta ni mtihani kwa anayeishi mahali ambapo nyumba nyingi hazina anwani. Itambidi aazime sanduku la posta la mtu anayemwamini. TikTok, inayopendwa sana, bado haijailetea Uganda mpango wake wa kuwalipa watunzi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau katika mahesabu: thamani ya mtazamaji hutegemea mahali alipo. Matangazo yanayomlenga mtu wa Marekani au Kanada hulipa zaidi kuliko yale ya mtu wa Kabingo, hapa Isingiro. Wakongomani wengi waliopitia Nakivale leo wanaishi huko, na bado wanataka kusikia Kiswahili cha nyumbani. Hao ndio wateja wa thamani, ingawa Marekani hukata kodi ya hadi asilimia 30 kwenye mapato yatokanayo na watazamaji wake. Chanzo kingine ni matangazo ya papa hapa: duka la vitenge, saluni, fundi simu, kwa bei ya maelewano.

Kioja cha uongo ni hasara

Tarehe 4 Mei 2021, mwanamke kutoka Mali alijifungua watoto tisa huko Casablanca, Moroko. Ilikuwa kweli, na wote tisa waliishi. Mwezi mmoja baadaye gazeti moja la Afrika Kusini likatangaza kwamba mwanamke wa Gauteng amejifungua watoto kumi. Dunia ikaipokea habari hiyo, sisi tukiwamo. Serikali ya jimbo ilipotafuta hospitalini, haikupata rekodi ya uzazi huo mahali popote. Visa viwili vilivyofanana vilipishana kwa wiki chache, na kilichovitofautisha ni hospitali kusema ndiyo au hapana.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa barazani. Mfanyabiashara wa habari akiifuata, atafilisika. YouTube hukataa kulipia maudhui yaliyookotwa kwa wengine bila mchango wa maana, na Julai 2025 ilifafanua zaidi masharti dhidi ya video za kurudiarudia zinazozalishwa kwa wingi. Sheria nayo ilikazwa: marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yalitiwa saini Oktoba 2022, na anayesambaza asichokihakiki anajiweka pabaya.

Hasara kubwa zaidi haimo kwenye sheria wala kwenye YouTube. Nakivale, habari inayosambaa haraka kuliko zote ni ile ya kupelekwa kuishi nchi ya tatu: orodha mpya imetoka, nchi fulani imefungua milango, fulani anaweza kukusaidia ukimpa kitu kidogo. Marekani ilipositisha upokeaji wa wakimbizi Januari 2025, familia zilizokuwa zimeuza vitu zikingoja ndege zilibaki na mabegi. Katika hali ya namna hiyo, mwongo mmoja mwenye wafuasi elfu moja anaweza kula akiba ya kijiji. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, imesema mara nyingi kwamba huduma zake zote ni bure. Sentensi hiyo, ikisimuliwa vizuri kwa lugha sita, ina thamani kuliko vioja mia.

Mtaji tulionao tayari

Biashara hii ina mzee wake. Desemba 1918 mchoraji Robert Ripley alianza kuchapisha maajabu, kwanza ya michezo, katika gazeti la New York, na baadaye akatajirika kupindukia. Utajiri ule ulisimama juu ya mtu asiyejulikana sana: Norbert Pearlroth, mhamiaji kutoka Poland aliyekuwa karani wa benki. Ripley alimwajiri mwaka 1923 kwa sababu alisoma lugha zaidi ya kumi. Kwa miaka 52 Pearlroth alikwenda maktaba ya umma ya New York, akafungua vitabu na magazeti ya mataifa, akatafuta maajabu yenye ushahidi.

Mhamiaji, lugha nyingi, uvumilivu wa kutafuta. Nakivale imejaa watu wa namna hiyo. Kwenye kibanda kimoja cha kuchajia simu unaweza kukuta Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kifaransa na Runyankole. Mtu wa London hana hilo. Yeye hawezi kumpigia simu jamaa wa Fizi kule Kongo au wa Bujumbura kule Burundi kumuuliza kama kweli jambo limetokea. Kijana wa Nakivale anaweza, na kwa gharama ya dakika chache za maongezi.

Kwa hiyo, anayeingia kwenye kazi hii abadili mpangilio. Aache kuokota vya Brazil ambavyo kila mtu ameshaviokota. Aanze na vilivyo ndani ya mkono wake, aandike jina la mahali, tarehe na nani aliyethibitisha, na asipopata uthibitisho asirushe. Mashirika yanayotoa mafunzo ya ujasiriamali makazini yaongeze somo la uhakiki wa habari, na vyuo vya Mbarara, mji wenye wanafunzi wengi wa sayansi, vishirikiane nao. Siku kiboko mwingine akitoka ziwani, simu ya kwanza kwenda kituo cha polisi cha Katwe ipigwe kutoka huku.