Vijidudu wanaofichua siri ya Ziwa Tanganyika

Dagaa wa Kigoma wanaouzwa kwa mafungu katika masoko ya Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika jikoni. Wanunuzi wachache hufahamu kuwa dagaa hao hutegemea viumbe wadogo mno, jamii moja na kaa na kamba, ambao wanasayansi wamekuwa wakiwapanga katika makundi kwa zaidi ya karne moja.

Ziwa Tanganyika linakadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya milioni 9 na 12, na kina chake hufikia mita 1,470. Umri huo umewapa viumbe wake muda wa kutosha kubadilika na kuwa spishi zisizopatikana kwingineko duniani.

Mwaka 1904 hadi 1905, Mwingereza William Cunnington aliongoza msafara wa kukusanya viumbe wa ziwa hilo. Baadhi yao walipelekwa kwa mtaalamu wa Norway, Georg Ossian Sars, ambaye mwaka 1909 alieleza kopepodi aitwaye leo Tropodiaptomus simplex. Huyo ni chakula kikubwa cha dagaa, nao dagaa huliwa na migebuka.

Kundi jingine ni ostrakodi, ambao wengi hawafikii urefu wa milimita moja. Mwili wao hufunikwa na magamba mawili yaliyoungana kama ya chaza. Ili kuwatofautisha, mtaalamu hutazama kwa hadubini umbo la gamba, vitundu vyake na meno ya kiungo chake, kisha huchunguza miguu na viungo vya uzazi. Hata hivyo, magamba yanayofanana yanaweza kuficha spishi tofauti, hivyo siku hizi vinasaba navyo hupimwa.

Kazi hiyo si ya kutafuta majina tu. Ostrakodi akifa, gamba lake hubaki katika tope la sakafu ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, mithili ya kurasa za kitabu.

Mwaka 2016, watafiti walioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tope hilo. Walibaini kuwa samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza, na kukadiria kuwa eneo la sakafu lenye oksijeni lilikuwa limepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Chanzo ni joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vyema na ya chini, na virutubisho hubaki kilindini. Mimea midogo ya majini hupungua, kisha kopepodi, hatimaye dagaa.

Mwaka 2024, uvuvi ulisitishwa ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hatua hiyo huwapa dagaa nafasi ya kuongezeka, lakini haipoozi maji. Mabadiliko hayo yakiendelea, mlaji wa Kibaha na Kisarawe naye ataguswa, kwani fungu la dagaa huanzia kwa kijidudu kidogo mno.