Mmechati mwaka mzima, sasa mnakutana Bukoba: kwa nini mama anaingiwa na hofu?

Kundini WhatsApp ni mchangamfu. Saa nane usiku mtoto akigoma kulala, anaandika, na baada ya dakika mbili mama mwenzake aliye macho anamjibu. Wameshauriana kuhusu homa, meno, uji, hata mume asiyetaka kubeba mtoto mbele za watu.

Kisha admini anatupia tangazo: Jumamosi tukutane ufukweni Bukoba, kila mtu aje na mtoto wake, sare kitenge.

Ghafla kundi linapoa. Wale wenye maneno mengi wanakaa kimya. Mmoja anasema mtoto ana mafua, mwingine "nitaangalia ratiba". Siku yenyewe wanafika wachache, na waliobaki nyumbani wanaangalia picha huku wakijilaumu.

Si uvivu wala dharau. Ni hofu, na ina maelezo yake.

Simuni mtu anajichagua

Mwaka 1996, miaka 13 kabla WhatsApp haijaanzishwa, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani Joseph Walther alieleza kwa nini watu wanaoandikiana kwa kompyuta wanaweza kuzoeana kuliko hata wanaoonana. Anayeandika ana muda wa kufikiri, kufuta na kuchagua cha kuonyesha. Anayesoma naye, pale asipojua, anajaziliza mwenyewe, na mara nyingi anajaziliza mazuri.

Kwa hiyo kundini kila mama ni toleo lililopigwa pasi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajua makunyanzi yake tu, ya wenzake hayaoni.

Chukua mfano wa mama wa Kamachumu, wilayani Muleba, mwenye mtoto wa miezi 9. Kundini anasifika kwa ushauri wa lishe: anajua dagaa wa unga unachanganywaje na uji, anajua mtoto aanzishiwe chakula akifikisha miezi 6. Lakini kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito wa mwanawe umelala miezi miwili sasa. Atawezaje kumpakata mtoto huyo mbele ya watu anaowashauri?

Hapa takwimu zinasaidia kuliko maneno ya kutia moyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Na Kagera, mkoa wa ndizi, maharage na samaki wa ziwani, hutajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa yenye tatizo hilo. Chakula kipo, ila ndizi peke yake hushibisha tumbo bila kumpa mtoto protini ya kutosha, na mama anayeshinda shambani hapati nafasi ya kumlisha mtoto mdogo mara nyingi kwa siku kama inavyotakiwa.

Maana yake ni kwamba katika kundi la akina mama 20, ni vigumu mama huyu kuwa peke yake. Wengine nao wana kadi wanazozificha. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeanza kusema.

Kitenge cha sare ni mzigo kuliko kinavyoonekana

Hofu nyingine ni ya mfuko, na hii watu hawaisemi. Sare, mchango wa keki, mpiga picha, nauli ya kutoka Muleba hadi mjini na kurudi, bodaboda kutoka stendi. Kwa mama asiye na kipato chake, kwenda kukutana na marafiki kunageuka kuwa mjadala na mume. Anaona bora aseme mtoto anaumwa.

Halafu kuna lile la usomi. Watani huwaita Wahaya "nshomile", yaani nimesoma, na utani huo una ukweli kiasi: kukaa meza moja na mwalimu, nesi na afisa wa benki kunaweza kumnyima sauti mama aliyeishia darasa la saba. Simuni alikuwa sawa nao. Hakuna aliyeuliza cheti.

Admini mwenye busara anaweza kuondoa nusu ya hofu hizi kabla ya siku kufika. Afute sare. Kila mtu aje na alichonacho, iwe ndizi mbivu, karanga au chupa ya chai, na kama ni msimu, senene waliokaangwa (hapo hata wanaojifanya hawana njaa hula). Keki na mpiga picha vinaweza kusubiri.

Utafiti unasema wanakupenda kuliko unavyodhani

Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwenye aibu angepaswa kuusikia. Waliwakutanisha watu wasiojuana, wakawaacha wazungumze, kisha wakamuuliza kila mmoja: umempenda mwenzako kiasi gani, na unadhani yeye amekupenda kiasi gani? Kwa kawaida watu walikadiria chini. Walipendwa kuliko walivyofikiri. Hata wanafunzi wanaoishi pamoja chuoni waliendelea na kosa hilo la hesabu kwa miezi mingi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Baada ya mazungumzo, mtu anarudia kichwani sentensi aliyoikosea, kicheko alichokitoa vibaya, kimya kilichomponyoka. Mwenzake hana muda na hayo, yuko kwenye makosa yake mwenyewe.

Na yale ya nguo? Thomas Gilovich na wenzake walipima jambo hilo katika utafiti uliotoka mwaka 2000. Mwanafunzi alivalishwa fulana ya kumtia aibu, yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameiona picha ile. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo tu. Fikiria sasa chumba hicho kingekuwa na watoto wanane wanaolia: ni nani angepata nafasi ya kukagua ndala za mtu?

Anza na mmoja

Kundi zima kwa mara ya kwanza ni kazi nzito, hata kwa msemaji. Mama mwenye wasiwasi ni bora aombe kuonana na mmoja kwanza, yule wanayejibizana usiku. Wapigiane simu siku mbili tatu kabla, wasikilizane sauti. Wapange kufika pamoja. Anayetoka Muleba na anayetoka Kemondo wanaweza hata kupanda gari moja.

Jambo linalosaidia zaidi ni kusema mapema kile kinachoogopwa. Si hotuba, sentensi moja tu: "Wenzangu, mwanangu ana uzito mdogo, msinishangae." Au: "Nitakuja ila sina hela ya mchango." Ikishasemwa, hakuna cha kufichua tena, na mara nyingi ujumbe wa pili hufika faragha kutoka kwa mama mwingine: hata mimi.

Ila tahadhari nazo zipo, na hizi si hofu za bure. Mtu uliyemjua kwa maandishi tu bado ni mgeni. Mkutane mchana, mahali penye watu, si nyumbani kwa mtu. Aachwe mtu nyumbani anayejua mko wapi. Mchango usitumwe kwa namba ambayo hakuna hata mmoja kundini aliyewahi kuonana na mwenyewe. Picha za watoto zisirushwe kabla mama wa mtoto hajakubali. Na mkifika mkakuta mwenyeji amepanga makopo ya virutubisho vya kunenepesha watoto, akiwa na bei mkononi, hapo mmeitwa kama wateja. Mtoto ambaye uzito wake hauongezeki apelekwe kituo cha afya, na kadi yake.

Pia si kila kujitenga ni aibu. Mama aliyejifungua ambaye kwa zaidi ya wiki mbili ana huzuni isiyoisha, halali hata mtoto akilala, au anahisi hafai kabisa kuwa mama, huenda ana sonona ya uzazi. Huyo asisukumwe kwenda ufukweni, asindikizwe kwa mhudumu wa afya.

Waliobaki, wenye hofu ya kawaida tu, wanaweza kujipa saa moja. Aende, akae, anyonyeshe, aulize jina halisi la mwenzake, maana simuni amemhifadhi kama "Mama Fulani wa kundini". Saa ikiisha na bado moyo hautaki, mtoto ni sababu tosha ya kuaga, na hakuna atakayeuliza. Anayerudi Muleba aulize mapema gari la mwisho linaondoka saa ngapi.