Magome Mawili Machungu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, nyinyi wa Lushoto mjini, wa Soni, wa Mlalo na wa Bumbuli, na nyinyi wa mbali mnaoijua milima ya Usambara kwa kabichi na viazi vyake tu. Leo nawasimulia habari ya magome mawili ya miti. Yote mawili ni machungu. Yote mawili walipewa watu wenye homa, na homa ikashuka. Lakini gome moja lilimuua adui aliyeileta homa, na la pili lilishusha homa tu, adui akabaki palepale.

Gome la kwanza ni la mti wa kwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, Usambara ya Mashariki, na kati ya miti mingi ya kigeni waliyoipanda humo, ulikuwemo mti huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zikaziba pwani, dawa za Ulaya zikaadimika. Ikabidi Amani wajitengenezee kwinini kwa magome ya miti ya milimani kwetu, kwa ajili ya jeshi la Kijerumani lililokuwa likiugua malaria. Kwinini huvishambulia vijidudu vya malaria ndani ya damu. Vijidudu vikifa, homa haina tena cha kuiwasha.

Gome la pili ni la mwerebi, mti unaopenda kuota kando ya mito ya Ulaya. Katikati ya karne ya 18, huko Chipping Norton nchini Uingereza, kasisi mmoja aitwaye Edward Stone alilionja gome hilo. Uchungu wake ukamkumbusha gome la kwinini, lililokuwa ghali mno siku zile. Akalikausha, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 wenye homa, na mwaka 1763 barua yake ikasomwa na wanasayansi wa London. Homa zilikuwa zimeshuka kweli. Stone alidhani amepata ndugu wa kwinini, kumbe alikuwa ameshika kitu kingine kabisa, maana gome la mwerebi halina uwezo wa kuua kijidudu cha malaria.

Wakemia wakalifuatilia gome hilo. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alitoa ndani yake kitu cha njano kichungu akakiita salisini. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, katika kampuni ya Bayer, akatengeneza dawa ya jamii hiyo iliyo safi zaidi, na mwaka 1899 ikapewa jina la aspirini. Wakati huo Lushoto yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, nao wakauita mji huu Wilhelmsthal.

Dunia nzima ikameza aspirini kwa zaidi ya miaka 70 bila mtu kujua inafanyaje kazi. Aliyefumbua fumbo hilo ni Mwingereza John Vane, mwaka 1971, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili. Alichokigundua nitawaeleza kwa kidole cha mguu.

Tuseme mtoto anateremka mbio kutoka Magamba, anajikwaa kwenye jiwe, ukucha unang'oka. Seli zilizoumia pale kidoleni zina kimeng'enya ambacho mara moja huanza kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na prostaglandini ndiyo mbiu yenyewe. Huifanya mishipa ya fahamu iliyo karibu iwe nyepesi kushtuka, hata soksi ikigusa kidole mtoto anapiga kelele. Hutanua mishipa midogo ya damu, ndiyo maana kidole kinavimba na kupata joto. Taarifa inapanda mguuni, inapita uti wa mgongo, inafika kwenye ubongo, na hapo ndipo mtoto anaposikia maumivu. Mwili ukivamiwa na vijidudu, prostaglandini hutengenezwa pia ndani ya ubongo na kuuamuru mwili upandishe joto. Hiyo ndiyo homa.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hukizuia kile kimeng'enya. Prostaglandini zinapungua, mbiu inafifia, maumivu yanatulia na joto linashuka. Ukucha, hata hivyo, bado umeng'oka. Kidonda kinataka kuoshwa kwa maji safi na sabuni vilevile.

Na kidonge hakijui kidole kinachouma kiko wapi. Kinayeyuka tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima na kupunguza prostaglandini kila kinapopita. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu kemikali hizo zina kazi nyingine njema. Tumboni husaidia kutunza ute unaoukinga ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Kwenye figo husaidia damu ipite vizuri, hasa mtu anapokuwa amepungukiwa maji. Ukizipunguza siku baada ya siku, tumbo linaweza kupata vidonda na kuvuja damu, na figo zinaweza kuumia.

Jambo hili linanigusa sana nikiwatazama watu wetu. Mashamba ya Usambara yako kwenye miteremko mikali. Mama anapanda na kushuka na mzigo kichwani, baba anainama na jembe kutwa nzima, jioni migongo na magoti vinalalamika. Kidonge cha diklofenaki kinapatikana kirahisi, nacho kinatuliza kweli. Kikawa cha kila jioni, mwezi baada ya mwezi, bila mganga kujua, hapo kuna hatari. Mkiwaona wazazi au babu na bibi wanafanya hivyo, waambieni kwa heshima waende zahanati. Mtu anayetapika damu au kupata choo cheusi tii baada ya kutumia dawa hizi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asizimeze kabla ya kumuuliza mtaalamu. Aliyefunga Ramadhani afuturu kwanza, ale na kunywa maji ya kutosha, kisha ndipo ameze. Nayo aspirini msimpe mtoto wala kijana mwenye homa, kwani inaweza kumletea ugonjwa wa nadra lakini mbaya sana wa ubongo na ini.

Sasa mtauliza, na Panadol je? Panadol ni jina la biashara, dawa iliyomo ni paracetamol. Hii haikutoka kwenye gome la mwerebi. Inafanya kazi zaidi ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na wanasayansi bado wanazichunguza njia zake zote. Tumbo hailisumbui kama dawa zile nyingine, na hata wajawazito na watoto hupewa, kwa kipimo chao. Ila ina mlango wake wa hatari, nao ni ini. Ini linapoivunjavunja paracetamol, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kemikali ya kuizima sumu hiyo. Dawa ikizidi, akiba inaisha, na sumu inaanza kuua seli za ini lenyewe.

Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Mtoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 kipimo chake cha juu kwa mara moja ni miligramu 300, kwa hiyo kidonge kizima cha mtu mzima kinamzidi. Kwenye bahasha ya dawa mtaona pameandikwa 2x3 au 1x3. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Mara tatu kwa siku ni kila baada ya saa 8, wala si kumeza zote kabla ya chakula cha mchana kwa sababu kichwa bado kinagonga.

Dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani yake. Mtu akimeza Panadol, kisha akaongeza dawa ya mafua, huenda amemeza dawa ileile mara mbili kwa majina mawili. Basi mkitumwa kwenye duka la dawa muhimu, mkishampa shikamoo muuzaji, mwulizeni: ndani yake kuna dawa gani, na mgonjwa ameze vingapi? Mpango wa maduka hayo ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake hupewa mafunzo, kwa hiyo kuuliza ni haki yenu.

Narudi kwenye magome, maana Lushoto ina sababu yake ya kuikumbuka tofauti ile ya kumuua adui na kushusha homa tu. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, tauni iliisumbua wilaya hii, na maelfu ya watu waliugua. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Inaanza kwa homa, kichwa kuuma, kisha mitoki mikubwa yenye maumivu kwenye kinena au kwapani. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa paracetamol, joto linaweza kushuka kwa saa chache na nyumba nzima ikapumua. Bakteria wa tauni hawajaguswa. Wanaowaua ni antibiotiki kama streptomisini, tena zikiwahi. Malaria nayo ni hivyohivyo: tone la damu ya kidoleni kwenye kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na paracetamol haiwezi kutoa jibu hilo. Homa ikipanda, nendeni mkapime. Mgonjwa akipata degedege, shingo ikikakamaa, akichanganyikiwa au akishindwa kunywa, msingojee asubuhi.

Na mkijua kwamba mtu yeyote, awe mdogo wenu au rafiki, amemeza vidonge vingi kupita kiasi, semeni saa ileile hata kama anacheka na kutembea. Sumu ya paracetamol huweza kukaa kimya siku nzima kabla ini halijaonyesha dalili. Dawa ya kuliokoa ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe. Mwiteni mtu mzima, chukueni pakiti tupu ya vidonge, mwende nayo hospitali.