Je, Wajua? Baharia Aliyekaa Miaka 80 Bila Jina

Je, wajua manowari HMAS Sydney ya Australia ilizama na watu wake wote 645, asinusurike hata mmoja? Ilikuwa 19 Novemba 1941, magharibi ya Australia, ilipopigana na Kormoran, meli ya kivita ya Wajerumani iliyojifanya meli ya mizigo ya Waholanzi. Kormoran nayo ilizama, lakini zaidi ya watu wake 300 waliokoka. Kwa hiyo habari za pigano lile zilitoka kwa adui peke yake, na jamaa za waliokufa hawakuridhika nazo. Nani angeridhika?

Je, wajua bahari ilimrudisha mmoja? Februari 1942, boya kubwa la kujiokolea lilionekana likielea karibu na Christmas Island, kusini ya Java, na ndani yake mlikuwa na maiti. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepauka kwa jua hadi ikawa nyeupe. Wakazi walimzika kwa heshima za kijeshi. Mwezi uliofuata Wajapani wakakitwaa kisiwa, na baada ya vita mahali hasa pa kaburi pakasahaulika.

Je, wajua kaburi hilo lilitafutwa mwaka 2001 likakosekana, likapatikana 2006? Katika fuvu mlikuwa na kipande cha chuma. Mwanzoni kilidhaniwa ni risasi, na wale waliokuwa wakisema mabaharia wa Sydney walimiminiwa risasi majini wakaona wamepata ushahidi. Vipimo vikaonyesha ni kipande cha kombora. Nalitaja hili kwa sababu uvumi ule uliwatonesha wafiwa kidonda kwa miaka mingi.

Je, wajua Sydney yenyewe ilipatikana Machi 2008, kwenye kina cha karibu mita 2,500? Novemba mwaka huohuo baharia wetu akazikwa upya Geraldton, bado hana jina.

Je, wajua vinasaba vilieleza sura yake kabla ya kueleza jina? Nywele nyekundu, macho ya buluu, ngozi nyeupe sana. Wataalamu wakapekua kumbukumbu za meno za mabaharia wa meli ile, wakafuatilia koo kwa upande wa kina mama, kwani kuna vinasaba ambavyo mtoto huvirithi kwa mama tu. Ni kazi ya subira iliyochukua miaka, na kwangu inastahili sifa sawa na ushindi wowote wa vitani.

Je, wajua alikuwa nani? Novemba 2021 serikali ya Australia ilimtangaza: Thomas Welsby Clark, kijana wa Brisbane, mhasibu kabla ya vita, baharia wa cheo cha chini. Alikuwa amehamishiwa Sydney Agosti 1941, miezi mitatu tu kabla haijazama. Wazazi wake walikufa bila kujua kwamba mwana wao alikuwa na kaburi. Kati ya wale 645, ni yeye peke yake ambaye kaburi lake linajulikana.