Sakafu ya itale: Tafuta chanzo cha uharibifu kabla ya kuing'oa

WAMILIKI wa majengo ya biashara katika maeneo kama Jomvu Kuu, Mombasa, hawana haja ya kukimbilia kung'oa sakafu za itale zinapofifia. Nyingi hurejea katika hali nzuri iwapo chanzo cha uharibifu kitatambuliwa kwanza.

Jiwe la itale, ambalo mafundi huliita granaiti, ni gumu kuliko marumaru. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs chenye viwango 10, marumaru hufikia takriban 3, ilhali madini ya kwatsi yaliyomo katika itale hufikia 7.

Hata hivyo, mchanga nao una kwatsi. Kandokando ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi, ambako malori hutimua vumbi kutwa, kila kiatu huingia dukani na chembe zinazolikwaruza jiwe mithili ya msasa.

Chanzo cha pili ni maji. Uhaba wa maji ya mfereji huwalazimu wakazi wengi wa Mombasa kutumia maji ya visima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi. Yanapokauka, huacha utando mweupe. Utando huo ukizidi kujitokeza kwenye maungio, huenda unyevu unapanda kutoka chini, na kung'arisha kutauficha kwa muda tu.

Tatu ni tindikali ya kusafishia vyoo. Hiyo hula saruji ya maungio, na yaweza kuyafanya madini ya chuma yaliyo ndani ya jiwe yatoe madoa ya kutu.

Baada ya chanzo kudhibitiwa, vipande vinavyolia kama vitupu vinapogongwa hupangwa upya na nyufa kuzibwa kwa gundi maalum. Kisha sakafu husuguliwa kwa mashine yenye visahani vya almasi, kuanzia vya chembe kubwa, kama namba 50, hadi laini za namba 3000. Fundi akiruka hatua, mikwaruzo hubaki.

Kazi hiyo yapasa kufanywa kwa maji. Vumbi la kwatsi husababisha ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani. Barakoa ya kitambaa haitoshi kumkinga fundi.

Mwishowe, tone la maji hudondoshwa juu ya jiwe. Likififiza rangi na kuacha weusi baada ya dakika chache, jiwe linanyonya maji na lahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo.

Kuanzia hapo, matunzo si ghali: mkeka mpana mlangoni, kufagia mchanga kabla ya kupiga deki, sabuni isiyo na tindikali, na kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Nta nayo iepukwe, kwani huifanya sakafu iteleze na kuwahatarisha wateja.